Tundu Nililolishona

Chepchirchir, umewahi kuona ndege ya injini nne ikipunguzwa mwendo na vipande viwili vya turubai? Hujaona, na hutaona, maana ndege zile ziliacha kuja Naivasha mwaka wa 1950. Lakini juzi uliniuliza kwa nini babu yako alikuwa akishika kikombe kwa gumba na kidole kimoja. Binamu zako nao waliniuliza, nikawaambia ni ajali ya kazini. Sikuwadanganya, ila niliwaonyesha nguo kwa upande wa nje tu. Wewe unajua kushona, kwa hiyo nitaigeuza uone na upande wa ndani.

Ndege hizo zilikuwa na tumbo kama la mashua. Hazikuwa na magurudumu. Zilitoka Ulaya safari ya siku kadhaa, zikatua juu ya maji ya Ziwa Naivasha, na Wazungu wakateremka na masanduku yao wakaingia kwenye basi la Nairobi. Sasa fikiria shida iliyokuwapo. Ndege ikiwa majini haina breki. Ukizima injini mapema, upepo wa ziwa unaisukuma mpaka kwenye mafunjo. Ukiziacha zingurume, inalipita boya la kufungia. Basi watu wa ndani walifungua vidirisha viwili karibu na pua, kimoja kila upande, na kwa kila kidirisha wakatupa majini kitu cha turubai kilichofungwa kamba. Kilikuwa kama ndoo ndefu isiyo na kitako. Mdomo mpana, umeshikwa na pete ya chuma, halafu kinapungua kinapungua mpaka mkiani, na mkiani pana tundu la kupitisha ngumi. Maji yanaingia kwa mdomo, yanabanana, yanatokea kwa lile tundu. Huko kubanana ndiko kunakoishika ndege. Wakitupa cha kulia peke yake, pua inageukia kulia. Wakitupa vyote viwili, ndege inatulia na kwenda polepole mpaka kwenye boya.

Sisi tulioshona vitu hivyo hatukuambiwa haya hata neno moja. Tuliviita ndoo.

Banda letu lilikuwa la mabati, nyuma ya uzio, hatua kama mia mbili kutoka gatini. Amri ilikuwa kwamba honi ikilia, watu wa banda wasitoke nje mpaka abiria waondoke. Kwa hiyo tulikuwa tunashona kitu, kinakwenda, kinarudi kimelowa na kuchanika, tunakishona tena, na hatujawahi kukiona kikifanya kazi yake. Tulidhani ni vya kuchotea maji yanayovuja ndani ya ndege.

Mkubwa wetu alikuwa Fundi Miraji, mtu wa Bondeni, Nakuru, ambaye wazazi wake walitoka pwani. Alijifunza turubai jeshini wakati wa vita. Alishona mahema, alishona ndoo za maji za askari, na alipenda kusema kwamba kazi yake haijawahi kuvuja. Alivaa kofia nyeupe iliyofuliwa kila siku, hata vumbi la banda lilimwogopa. Chini yake tulikuwa wanawake watatu. Mmoja alikuwa Wariara, mama mtu mzima mwenye mdomo mwepesi. Mwingine alikuja kwa msimu tu, jina lake limenitoka. Wa tatu mimi. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nne na nimeolewa mwaka mmoja.

Tulishona kwa mkono. Unavaa kipande cha ngozi kiganjani ili usukume sindano, uzi unaupaka nta mara mbili au tatu, na mwisho wa siku vidole vinanuka nta hata ule ugali na maziwa. Fundi alikuwa na mashine yake, ile nzito ya turubai. Na pembeni palikuwa na ya pili, imefunikwa shuka, kiti chake tupu, maana aliyekuwa akiitumia alihama. Fundi alisema kabla ya Septemba kwisha atamkalisha mmoja wetu pale. Chepchirchir, nilikitaka kile kiti. Mwanamke wa kwetu anayeendesha mashine ya turubai hakuwapo, si Naivasha, si Nakuru. Mchana nilikuwa nikinyanyua ncha ya ile shuka nitazame gurudumu lake jeusi.

"Jerop," Wariara akaniambia, "ukiendelea kuitazama hivyo, hiyo mashine itashika mimba."

"Ikishika nitalea," nikamjibu.

Babu yako, Kosgei, alikuwa mtu wa motaboti. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye pua ya motaboti karibu na boya, ameshika mti mrefu wenye ndoano, asaidie kamba za ndege zinase. Alikuwa mrefu, hatulii, na aliyapenda maji kuliko alivyopenda nchi kavu. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba zile si ndoo.

Ilikuwa Jumapili, nyuma ya nyumba za wafanyakazi, kwenye mfereji. Alivua sweta lake kuukuu, lile lililokwisha viwiko, akakata mkono mmoja kwa kisu. Nikamwambia ameharibu nguo. Akasema hiyo nguo ilishaharibika siku ya kununuliwa. Akapitisha fito kwenye upande wa bega ili ukae wazi, akafunga uzi, akautupa mferejini.

"Ona. Maji yanaingia huku yanatoka kwa kiganja. Umetulia kama ng'ombe anayekamuliwa."

Kweli ulitulia. Uzi ulikaza mkononi mwake na ule mkono wa sweta ukasimama pale pale ndani ya maji, hauyumbi.

"Sasa tazama." Akafunga kile kitundu cha kiganja kwa kamba, akautupa tena. Ulijaa, ukapinda, ukaruka kushoto, ukaruka kulia, ukageuka juu chini, uzi ukajisokota. "Unaona unavyocheza? Haushiki kitu. Ile ni breki, Jerop, na tundu lake ndiyo breki yenyewe. Siku nikiona limeziba nitaruka majini kabla ndege haijanifikia. Afadhali kiboko."

Tukacheka. Nikaushona ule mkono ukarudi mahali pake kwenye sweta.

Wiki ya tatu ya Septemba ililetwa ndoo moja ambayo mkia wake ulikuwa umeliwa. Pindo la tundu lilikuwa limekwisha, nyuzi zinaning'inia, tundu limekuwa pana na bovu. Kawaida tulikuwa tunatia pindo jipya, na mkia wenyewe tunauacha wazi kwa sababu ndivyo tulivyoukuta. Fundi aliitia mkono, akaugeuza huku na huku, akakunja uso.

"Hili limechanika limekuwa jitundu. Binti, kata kiraka cha duara, uzibe."

"Fundi," nikasema, "hapo hapazibwi. Mume wangu aliniambia..."

"Mume wako ni fundi?"

"Hapana. Ni wa motaboti."

"Basi akashone motaboti."

Wale wengine wakacheka, hata Wariara. Fundi hakucheka. Aliniwekea ndoo mapajani.

"Mimi nimelishonea jeshi ndoo hata sizijui idadi. Hakuna iliyorudi kwa kuvuja. Ndoo yenye tundu ni ndoo gani? Ziba. Na uzibe vizuri, maana Jumatatu tutazungumza mambo ya ile mashine."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Ningeweza kumwambia mambo ya mfereji na sweta, neno moja baada ya jingine, hata kama angenifukuza. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Nikautazama ule upande wa shuka, nikafunga mdomo.

Nikakata kiraka. Niliupaka uzi nta mara tatu. Nilitia mishono sita kwa kila inchi, mistari miwili, mmoja ndani ya mwingine. Mimi natumia mkono wa kushoto, kwa hiyo mishono yangu inaegemea upande ambao ya wengine haiegemei. Mtu yeyote wa banda angeitambua hata gizani. Fundi alipomaliza kuikagua aliimwagia maji kwa debe, akaiinua, tukasubiri. Halikudondoka hata tone.

"Hii ndiyo kazi," akasema.

Jioni Kosgei alikuja na samaki wawili. Nilikuwa nimepanga kumwambia. Nilianza na habari ya mashine, ili furaha itangulie, na akafurahi kuliko nilivyotarajia.

"Basi utanishonea suruali ya turubai," akasema, "nisichane tena magoti."

Nikacheka naye. Nikajiambia labda ile ndoo ni ya akiba, labda haitatumika, labda watu wa ndege wataiona wenyewe kabla ya kuitupa. Yeye akala samaki, mimi nikala, tukalala.

Jumatatu Fundi hakuitaja ile mashine. Jumanne, kabla ya saa sita, honi ililia. Tulikaa ndani kama amri ilivyotaka. Ndege tuliijua kwa masikio. Kwanza mlio wa juu, halafu ule wa tumbo likipasua maji, kisha injini zinashuka sauti. Siku hiyo zilishuka, halafu moja ikanguruma ghafla, na ukafuata mlio kama wa lango la ng'ombe lililogongwa na lori. Baada ya hapo watu wakapiga kelele.

Yaliyotokea niliambiwa baadaye na walioona. Ndoo ya kushoto ilishika. Ya kulia ilijaa maji, haikuwa na pa kuyatolea, ikaanza kuruka juu ya ziwa, ikazama, ikaruka tena, kamba ikajisokota. Kwa kuwa upande mmoja umeshikwa na mwingine haukushikwa, pua ya ndege ikageukia kushoto, na kushoto ndiko kulikokuwa na motaboti. Chini ya bawa la ndege zile kuna kitu cha chuma kama mtumbwi, cha kuizuia isiinamie majini. Kitu hicho kilikuja juu ya motaboti. Kosgei hakuruka. Alikisukuma kwa mti wake, mti ukavunjika, akasukuma kwa mkono.

Mshono wangu ungefumuka hata mahali pamoja tu, maji yangepata njia na ile ndoo ingeshika. Haukufumuka. Mtu mvivu angeshona vibaya na mume wake angebaki na vidole vyake.

Ndoo zililetwa zikatupwa mlangoni pa banda, zinatiririka maji. Ile ya kushoto ilikuwa imelala kama nguo. Ya kulia ilisimama imevimba kama kiwele. Fundi Miraji aliitazama, akatazama ile nyingine, na hakuhitaji mtu wa kumweleza. Aliiburuta ndani akafunga mlango.

"Fumua," akaniambia.

"Kosgei yuko wapi?"

"Wamempeleka Nakuru kwa gari. Ni mkono tu. Yu hai. Fumua, binti. Wakikuta hivi, mimi na wewe tumekwisha. Ukifumua, kile kiti ni chako kuanzia wiki ijayo. Naapa."

Alinishikia ile ndoo mwenyewe. Nilitumia ncha ya kisu kidogo, mshono baada ya mshono, na kwa sababu ya nta niliyotia mara tatu, ilichukua muda mrefu kuliko nilivyoshona. Wariara alisimama dirishani, ametupa mgongo. Nilipomaliza, Fundi alichanachana nyuzi za pindo kwa kucha mpaka tundu likaonekana lile lile bovu la zamani. Kiraka akakitia mfukoni.

Bwana wa gati, Mzungu, alikuja na karatasi yenye mchoro. Alipitisha ngumi kwenye mkia wa ndoo ya kushoto, kisha kwenye ya kulia. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha amri, "Wewe nashona kazi hii?"

"Ndiyo, bwana."

"Tundu kuwa wazi?"

"Lilikuwa wazi."

Akaandika. Alichoandika tulikijua baada ya siku nne. Vifaa vilikuwa sawa, mtu wa motaboti alikaribia kupita kiasi. Kosgei akaachishwa kazi akiwa bado kitandani.

Jumapili nilipanda treni kwenda Nakuru kumwona. Mkono wake ulikuwa umefungwa mpaka kwenye kiwiko, na kwa umbo la bendeji niliona kwamba vidole havikuwa vyote. Nilimpelekea uji kwenye chupa. Aliunywa wote, akanirudishia chupa, ndipo akasema.

"Jerop, ile ya kulia ilikuwa inacheza. Niliiona. Inacheza kama ule mkono wa sweta. Lile tundu lilikuwa wazi?"

"Lilikuwa wazi."

"Ulishona wewe?"

"Nilitia pindo tu. Lilikuwa wazi."

Aliitazama bendeji. "Basi niliona vibaya," akasema. "Basi ni mimi. Nilikaribia mno."

Jumatatu, tarehe mbili Oktoba, nilitoa ile shuka, nikaketi. Kiti kilikuwa kirefu kidogo, nikaweka gunia miguuni. Wariara alipita nyuma yangu na rundo la turubai, nami nikasubiri neno la utani. Alipita tu. Hakunitania tena mpaka tulipoachana. Niliendesha mashine ile wiki tano na siku mbili. Novemba ndege ya mwisho iliruka, haikurudi, banda likafungwa na mashine zikapigiliwa misumari ndani ya masanduku. Nimeisimulia kwa watu ile mashine mara nyingi. Kwamba zilikuwa wiki tano tu, sijawahi kuwaambia.

Tukahamia Elburgon. Babu yako akawa mlinzi wa kinu cha mbao, mtu aliyependa maji analinda magogo. Mimi nilishona maturubai ya malori kwa mkono. Baba yako Kemboi akazaliwa, kisha wengine. Wanawake wa kanisani walinisifu. Walisema tazameni Jerop, anamfunga mume wake vifungo vya shati kila asubuhi, halalamiki. Na yeye, kila alipoulizwa juu ya mkono, alisema mbele yangu, bila uchungu, "Ni ujinga wangu. Nilikaribia mno." Alikuwa akiwaonya vijana wa kinuni kwa mfano wake mwenyewe. Wasikaribie msumeno, wasiwe kama yeye. Miaka tisa nilimsikia akisema hivyo, nikamfunga vifungo.

Mwaka wa 1959, mwezi wa Agosti, mchana wenye baridi, lori la mbao lilisimama mbele ya nyumba na akashuka mtu aliyevaa kofia nyeupe. Nilidhani ni Fundi. Alikuwa mtoto wake, Bashir. Alisema baba yao amefariki mwezi uliopita, na kabla ya kufa aliagiza furushi fulani lipelekwe kwa Jerop aliyekuwa Naivasha.

"Alisema ni lako, mama. Hakusema zaidi."

Hakukaa hata kunywa chai, dereva alikuwa akimpigia honi. Kosgei alikuwa kwenye benchi, anamenya viazi vya Kuresoi kwa ile namna yake, kiazi kimebanwa kati ya mapaja. Aliweka kisu, akalivuta furushi kwake kabla sijafika. Ndani palikuwa na ngozi yangu ya kiganja, ya zamani, imekauka kama ganda. Chini yake ile ndoo. Na ndani ya ndoo kiraka cha duara.

Aliitambua ndoo, akatabasamu. "Tazama breki," akasema, kama mtu aliyekutana na rafiki. Akapitisha gumba na kile kidole chake kimoja kuzunguka mdomo, akashuka navyo mpaka mkiani. Kule mkiani vikasimama. Turubai halisahau sindano, Chepchirchir. Mashimo yalikuwa pale, mistari miwili, mmoja ndani ya mwingine, yanazunguka tundu lote. Akachukua kile kiraka akakiweka juu. Kila shimo lilipata mwenzake.

Nilikuwa nimesimama na sufuria. Sikumbuki niliiweka wapi.

"Inaegemea kushoto," akasema.

Akakigeuza kile kiraka upande wa pili.

"Katika lile banda palikuwa na mkono mmoja tu wa kushoto."

"Fundi aliniamuru," nikasema. "Alisema..."

"Fundi amekufa. Alifikiri ni ndoo, alitaka isivuje. Huyo namwelewa." Hakuwa amepandisha sauti. Alikuwa bado anatazama mkia wa ndoo. "Lakini wewe nilikukatia sweta. Ulijua."

"Nilijua."

"Nilikuuliza hospitali."

"Uliniuliza."

"Miaka tisa nawaambia watu mimi ni mjinga, na wewe unanifunga vifungo." Aliinua macho. "Jerop, wewe ulikuwa unataka nini?"

Majibu nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeyatayarisha tangu treni ya Nakuru. Nilikuwa msichana, niliogopa, Fundi aliapa, bwana wa gati alikuwa na kalamu mkononi. Yote yalikuwa ya kweli na lolote lingetosha. Kosgei alisubiri, viazi miguuni pake vimeanza kuwa vyeusi. Nikaketi kwenye benchi kando yake, upande wa ule mkono.

"Nilitaka kile kiti," nikamwambia. "Nilitaka kuketi kwenye ile mashine."